Mtoto Wangu Atakuwa na Kimo Gani?



Kila mwaka kabla ya Septemba fundi wa kushona anatuuliza swali lilelile: "Mama, niache pindo la kiasi gani?" Tunamtazama mtoto kutoka kichwani mpaka miguuni, tunafikiria bei ya kitambaa, halafu tunajibu: "Acha kubwa, huyu anakua mbio." Hapo tayari tumekadiria kimo. Tumesema kwamba mtoto huyu ataongezeka kiasi fulani kabla ya mwaka kuisha, na pesa ya nyumba tumeiweka juu ya neno hilo.

Mimi ni mwalimu wa darasa la 6 la shule ya msingi hapa Bukavu. Watoto ninaowafundisha wako katika umri ambao mwili unageuka haraka, kwa hiyo wazazi wanapokuja kuchukua matokeo hawaulizi habari za hesabu na Kifaransa peke yake. Wanauliza pia: "Madamu, huyu wangu atarefuka kweli? Au amefikia hapo?" Baba mmoja alitaka kujua kama kijana wake anafaa kucheza mpira wa kikapu. Mama mwingine alitaka kujua kama binti yake ni mgonjwa, kwa sababu mdogo wake amempita.

Nimegundua kwamba nyuma ya swali hilo mara nyingi kuna swali lingine ambalo halisemwi mbele ya mwalimu: huu ufupi umetoka kwa nani? Na sisi wamama tunajua jibu linaangukia upande gani. Mimi mwenyewe nina sentimeta 153. Mume wangu ana 172. Mtoto wetu wa kwanza alipofika miaka 3 akiwa mdogo kuliko binamu zake, mama mkwe alisema siku moja wakati wa chakula, huku anacheka, kwamba nimeleta ufupi katika ukoo. Wote walicheka. Nilinyamaza kwa heshima, nikaendelea kugawa sombe. Lakini neno lile lilibaki na mimi, na kwa kuwa kazi yangu ni kusoma na kufundisha, niliamua kutafuta ukweli wake.

Nilianzia mahali ambapo hamtatazamia: kwa farasi.

Kwetu farasi ni mnyama wa kwenye picha. Katika sehemu kubwa ya Afrika ya kati mbung'o na magonjwa yake wamemzuia asizoee nchi. Lakini katika nchi zenye farasi, kujua mapema kimo cha ndama wa farasi ni jambo la pesa. Mnunuzi anataka kujua kama mnyama huyu atabeba mtu mzima, atavuta mzigo, au atamfaa mtoto tu. Kwa hiyo wafugaji wamebuni njia zao. Wanampima farasi kutoka chini mpaka juu ya mabega, pale shingo inapokutana na mgongo, kwa sababu kichwa anakiinua na kukiinamisha. Na kwa ndama wana njia ya kamba: wanapima kutoka kiwiko cha mguu wa mbele mpaka kwenye kifundo kilicho juu ya kwato, halafu kamba ileile wanaigeuza juu kutoka kiwikoni. Pale inapofikia hewani, juu ya mgongo wa ndama, ndipo wanaposema mabega yake yatafika akikomaa. Si hesabu kamili, lakini inasaidia.

Kwa nini kamba inaweza kufanya kazi kwa farasi? Kwa sababu ndama anazaliwa akiwa na miguu mirefu sana. Lazima asimame saa ileile ya kuzaliwa au muda mfupi baadaye, na akimbie pamoja na mama yake, maana porini simba hangoji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya urefu wa miguu imeshatengenezwa tumboni. Akiwa na miezi 6 amekwisha kupita sehemu 8 kati ya 10 za kimo chake cha mwisho, na akitimiza mwaka mmoja yuko karibu na sehemu 9 kati ya 10. Anayempima ndama anapima jengo ambalo kuta zake zimekwisha simama.

Sasa mtazame mtoto wetu. Anazaliwa na urefu wa karibu sentimeta 50. Kichwa chake peke yake ni kama robo ya urefu wote, na miguu ni mifupi, imekunjika. Kwa mtu mzima, kichwa ni kama sehemu moja tu kati ya 8. Maana yake ni kwamba miguu ya mtoto bado inakuja. Wazee wetu walijua jambo hilo bila kitabu. Zamani, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa alipopelekwa shuleni, aliambiwa apitishe mkono wa kuume juu ya kichwa na kushika sikio la kushoto. Mkono ukifika, ameiva kwa shule. Usipofika, arudi nyumbani mpaka mwaka ujao. Njia hiyo ilitegemea ukweli huu: mikono na miguu ya mtoto inarefuka upesi kuliko kichwa chake.

Tofauti hii kati ya ndama na mtoto ndiyo iliyonifungua macho. Mtoto wa kiume akitimiza miaka 2 amefikia kama nusu tu ya kimo atakachokuwa nacho. Mtoto wa kike anafikia nusu yake mapema kidogo, karibu na mwaka mmoja na nusu. Nusu nzima ya mtu bado haijajengwa! Na vifaa vya kuijenga vinatoka jikoni kwetu, kwenye maji tunayokunywa na kwenye afya ya nyumba. Kwa hiyo hakuna kamba inayoweza kutuambia jibu moja.

Hata hivyo kuna hesabu mbili ambazo mama anaweza kuzifanya, na ni vizuri kuzijua.

Ya kwanza ni hiyo ya miaka 2: kwa mvulana, chukua urefu wake siku anapotimiza miaka 2 na uzidishe mara 2. Kwa msichana, chukua urefu wa miezi 18 na uzidishe mara 2. Ni kadirio la mtaani, lakini haliko mbali na ukweli kwa mtoto aliyekua vizuri.

Ya pili inatumia wazazi wote wawili, na inahusishwa na daktari Mwingereza James Tanner. Jumlisha kimo cha baba na cha mama. Kama mtoto ni mvulana, ongeza 13. Kama ni msichana, ondoa 13. Halafu gawa kwa 2. Hiyo 13 ni tofauti ya wastani kati ya wanaume na wanawake. Kwa nyumba yangu, 172 na 153 ni 325. Mvulana: 325 na 13 ni 338, nusu yake ni 169. Msichana: 325 ukiondoa 13 ni 312, nusu yake ni 156.

Lakini msiishie hapo. Wanaotumia hesabu hiyo wanasema mtoto anaweza kwenda juu au chini kwa sentimeta 8 na nusu hivi na bado akawa wa kawaida kabisa. Maana yake kijana wangu anaweza kuishia na 161, anaweza kuishia na 177. Wa 161 atasemwa ni wa kwa mama. Wa 177 atasemwa ni wa kwa baba. Kumbe wote wawili wangetoka kwa wazazi walewale, katika nyumba ileile. Damu inatoa nafasi pana, haitoi namba.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hiyo haisemi, na hapa ninaomba mnisikilize vizuri. Inachukua kimo cha mama na baba kana kwamba wao walikua bila kukosa kitu. Je, ni kweli kwetu?

Mimi nilizaliwa 1993. Bukavu ilipoingiliwa na vita mwishoni mwa Oktoba 1996, nilikuwa na miaka 3. Mama yangu alinibeba mgongoni kuelekea kijijini upande wa Walungu, na miezi iliyofuata tulikula kilichopatikana: bugali wa muhogo na majani, siku nyingine majani bila bugali. Nilihara mara nyingi kwa sababu ya maji. Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa 2005, wakati mama amekwisha rudi mjini na kuanza kuuza unga. Tumbo ni lilelile, baba ni yuleyule. Yeye ni msichana kama mimi, na leo ananipita kwa sentimeta 9. Tukisimama pamoja watu wanauliza kama kweli tumetoka nyumba moja.

Sisemi kwamba kila sentimeta ya tofauti yetu imetokana na vita. Hata ndugu wanaolishwa sawasawa wanatofautiana. Lakini nilipokwisha kuelewa hayo, nililisikia neno la mama mkwe kwa namna nyingine. Huenda sehemu ya ufupi wangu haikutoka katika ukoo wetu kabisa. Huenda imetoka katika mwaka 1996. Na ninajua wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwa watoto wa umri huo, katika Kivu hii hii, barabarani au msituni.

Tusidhani ni maneno ya kujifariji. Watafiti wameangalia kimo cha watu wa nchi nyingi katika karne moja. Katika Korea Kusini, wanawake waliozaliwa 1996 ni warefu kwa wastani wa sentimeta 20 kuliko wanawake waliozaliwa 1896. Damu ya Wakorea haikubadilishwa katika miaka 100. Kilichobadilika ni chakula, maji safi, chanjo, shule na amani baada ya vita vyao wenyewe. Waholanzi nao, ambao wanaume wao leo wako juu kuliko wote duniani, katikati ya karne ya 19 hawakuwa warefu kuliko majirani zao wa Ulaya.

Shirika la Afya Duniani, OMS, nalo lilifanya kazi kubwa kati ya 1997 na 2003. Lilifuata watoto wadogo katika nchi 6: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa vizuri, waliopata matibabu, ambao mama zao hawakuvuta sigara. Mwaka 2006 OMS ilitoa vipimo vipya vilivyotokana na watoto hao. Jambo lililoonekana ni kwamba katika miaka ya kwanza, watoto wa nchi hizo zilizo mbali hivyo walikua karibu sawasawa. Mtoto wa Ghana hakuwa nyuma ya mtoto wa Norway, mradi ametunzwa.

Ndiyo, damu ipo. Wambuti wa Ituri ni wafupi kwa maumbile, na hiyo si aibu wala ugonjwa. Na katika eneo letu la Maziwa Makuu tunajua vizuri hasara ya kumsoma mtu kwa urefu wake na pua yake. Tumezika watu kwa ajili ya upuuzi huo. Ninachosema ni hiki: mtoto mdogo anapokuwa mfupi, tusikimbilie kumtafuta mwenye kosa katika ukoo. Kwanza tuulize alikula nini na aliugua mara ngapi.

Kwa nchi yetu swali hilo ni zito. Katika Kongo, zaidi ya watoto 4 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao kwa sababu mwili umekosa kwa muda mrefu. Bwaki tunaijua sote: miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi, mtoto ananyamaza. Udumavu haupigi kelele. Mtoto anacheza, anacheka, mashavu yamejaa, na sisi tunasema "huyu ni kibeti tu, kama baba yake mdogo." Kwa sababu watoto wa jirani nao wamedumaa, anaonekana wa kawaida. Kwenye CPS ya kwetu mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, na mkono unapimwa kwa utepe wa rangi tatu. Hiyo ni kazi nzuri, inaokoa maisha, na utepe ukionyesha nyekundu, yaani mkono chini ya sentimeta 11 na nusu, usichelewe hata siku moja. Lakini uzito na mkono vinasema habari za wiki hizi. Urefu unasema habari za miaka, na mara nyingi hakuna anayeupima kwa sababu foleni ni ndefu.

Basi tuupime wenyewe. Hakuna kifaa kigumu. Mita ya fundi inatosha, mradi isiwe imenyooka kwa uzee. Ilinganishe kwanza na rula ya shule. Mtoto aliye chini ya miaka 2 mlaze chali juu ya meza ngumu, kichwa kimeguswa na ubao au ukuta. Mtu mmoja ashike kichwa, mwingine anyooshe magoti taratibu na kuweka kitabu kwenye nyayo. Aliyepita miaka 2 asimame bila viatu, bila kitambaa wala nywele zilizofungwa juu, visigino, matako na mabega vimegusa ukuta, macho yakitazama mbele. Weka kitabu juu ya kichwa kikiwa sawa na ukuta, andika alama, halafu pima. Fanya asubuhi kila mara, kwa sababu jioni mwili unakuwa umepungua kidogo kwa uchovu wa siku. Andika tarehe. Rudia kila miezi 6.

Kisha linganisha. Kwa vipimo vya OMS, mvulana wa mwaka mmoja ana wastani wa sentimeta 76, msichana 74. Akiwa na miaka 2, mvulana ana 87, msichana 86. Akiwa na miaka 5, mvulana ana 110, msichana 109. Mtoto anahesabiwa amedumaa akiwa chini ya 71 kwa mvulana na 69 kwa msichana wa mwaka mmoja. Chini ya 81 na 79 kwa wa miaka 2. Chini ya 101 na 100 kwa wa miaka 5. Usimhukumu mtoto kwa kipimo kimoja. Wako wachache walio chini ya mstari na ni wazima. Tazama mwendo: mwaka wa kwanza mtoto anaongeza karibu sentimeta 25, mwaka wa pili karibu 12, halafu anatulia kwenye 7, 6 au 5 kwa mwaka mpaka balehe. Mtoto wa shule aliyeongeza sentimeta 2 tu kwa mwaka mzima anahitaji kuonwa na muuguzi, hata kama wazazi ni wafupi. Minyoo, malaria ya mara kwa mara, ugonjwa wa moyo au wa tezi ya shingo vinaweza kujificha hapo.

Na kwa fundi wetu wa Septemba, jibu ni hili: mtoto wa shule ya msingi akiongeza sentimeta 6 kwa mwaka, si zote zinazoingia miguuni. Pindo la sentimeta 4 linatosha mwaka mmoja. Ukitaka iniforme ifike miaka 2, acha 8.

Sasa tuseme juu ya chakula, maana hapo ndipo nusu ile iliyobaki inapojengwa. Muda ulio na nguvu kuliko wote ni tangu mimba mpaka miaka 2, siku kama 1000. Mjamzito anapokula vizuri na kumeza vidonge vyake vya damu, ameanza kumrefusha mtoto. Miezi 6 ya kwanza ni ziwa peke yake, bila maji, bila uji. Baada ya miezi 6 ziwa linaendelea, lakini halitoshi tena, na hapo ndipo wengi wetu tunaanguka kwa sababu ya umaskini: tunampa uji wa muhogo wenye sukari. Unashibisha, lakini mfupa na nyama havijengwi kwa muhogo na sukari.

Hatuhitaji maziwa ya kopo. Ziwa Kivu lina sambaza. Chukua sambaza mkavu, msafishe, mtwange mpaka awe unga, weka kijiko kimoja katika uji wa mtoto kila siku. Samaki mzima na mifupa yake ndiyo inayotakiwa. Soya iliyokaangwa na kusagwa, karanga zilizotwangwa, maharagi yaliyopondwa, lengalenga, parachichi, yai moja likipatikana: kila kimoja kinaongeza kitu ambacho kingine hakina. Kuku wawili watatu uani wanaweza kumfaa mtoto kuliko soda ya Jumapili. Na yai likipikwa, lisiende moja kwa moja kwenye sahani ya baba. Ninajua desturi. Ninajua pia kwamba baba ameshamaliza kurefuka.

Chakula peke yake hakitoshi kama tumbo linavuja. Mtoto anayehara kila mwezi anakula bure. Kunawa mikono kwa sabuni, kufunika maji, kutumia choo, kulala ndani ya chandarua, kukamilisha chanjo, kupumzika kabla ya mimba nyingine: haya yote ni kazi ya kurefusha watoto, ingawa hatuyaiti hivyo.

Ninajua baadhi yenu mnasoma haya na moyo unauma, kwa sababu mtoto amekwisha pita miaka 2 na miaka hiyo ilikuwa ya kukimbia, au ya baba kukosa kazi, au ya shamba lisilofikika. Hakuna mama aliyechagua hayo. Na mwili wa mtoto unaendelea kupokea. Akilishwa vizuri baadaye anaweza kurudisha sehemu ya alichokosa, na wakati wa balehe kuna mbio nyingine za kurefuka. Yule wangu aliyeitwa wa ufupi tuliendelea kumpima na kumpa unga wake wa sambaza. Mwaka wa kwanza aliongeza sentimeta 8, uliofuata 7. Kama ni chakula au ni wakati wake tu, yeye anasema ni sambaza.

Mbio hizo za balehe ninaziona kila mwaka darasani. Wasichana wanatangulia, wengi kati ya miaka 10 na 12. Wavulana wanafuata miaka 2 hivi nyuma. Ndiyo maana katika darasa la 6 msichana anaweza kumtazama mvulana wa umri wake kutoka juu, na mvulana akaona haya kusimama mbele ya ubao. Ninawaambia wazazi wa wavulana: ngojeni. Wa wasichana ninawaambia kwamba baada ya hedhi ya kwanza, binti kwa kawaida anaongeza sentimeta chache tu, kama 5 mpaka 7, kwa hiyo miaka iliyo kabla ya hapo tusimnyime chakula kwa kumtanguliza kaka yake.

Na hapa kuna hatari ambayo inanisumbua kuliko ufupi. Msichana wa miaka 12 aliyerefuka haraka anaanza kuhesabiwa kuwa mtu mzima. Njiani wanaume wanamwita. Nyumbani anapewa kazi zote. Shangazi anaanza kusema habari za mahari. Nilikuwa na mwanafunzi wa namna hiyo, mrefu kuniliko mimi. Wageni wa nyumbani kwao walikuja wakamwona mkubwa, mazungumzo yakaanza. Mama yake alikuja shuleni analia. Tulitoa cheti cha kuzaliwa, tukahesabu pamoja: miaka 12 na miezi 4. Mama alirudi nacho nyumbani, akakiweka mbele ya wazee. Sheria yetu inasema mtoto ni yeyote asiyefikisha miaka 18, na Kanuni ya Familia, iliyorekebishwa 2016, inataka miaka 18 kwa ndoa, kwa mume na kwa mke. Haitaji sentimeta hata moja. Binti yule sasa yuko sekondari.

Upande wa pili yuko yule mfupi anayekalishwa mbele na kuitwa "mtoto" mpaka anaamini. Kudumaa kunaweza kugusa masomo, kwa sababu ubongo nao ulijengwa katika miaka ileile ya njaa. Lakini sijawahi kuweza kusoma kimo cha mwanafunzi nikajua pointi zake. Aliyekuwa wa kwanza darasani kwangu mwaka jana alikuwa hafiki katikati ya ubao. Nilimletea kiti, akapanda, akaandika jibu.

Ninaomba jambo moja kwa vikundi vyetu. Tunazo MUSO, tunakutana kila wiki, tunahesabu akiba ya kila mama mpaka faranga ya mwisho. Tuongeze daftari moja la watoto. Mita moja ya fundi kwa kikundi, alama moja ukutani, siku mbili kwa mwaka, moja Januari na moja Julai: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, urefu. Mtoto ambaye mstari wake umesimama, kikundi kimsindikize mama yake mpaka kituo cha afya, asiende peke yake na asichekwe. Na kama kuna akiba ya dharura, kilo moja ya sambaza iweze kutoka humo bila mjadala mrefu.

Mama mkwe wangu sasa ndiye anayeshika kitabu juu ya kichwa cha mjukuu tunapopima. Hajasema tena neno la ufupi. Mwezi uliopita aliuliza kama naye tunaweza kumpima, tukampima: sentimeta 151.